Dainamomita na Nguvu ya Injini: Kutoka Breki ya Kamba hadi Mlima wa Tarime

Dainamomita ni chombo kinachoizuia injini inapozunguka, kisha kupima imezuiwa kwa nguvu kiasi gani. Injini isiyo na mzigo haina cha kuonyesha. Hata bodaboda iliyosimamishwa kwenye stendi ikavutwa mafuta hadi mwisho hunguruma sana, lakini kazi inayofanya ni ndogo mno. Nguvu huonekana pale injini inapopewa kitu cha kushindana nacho. Kwa magari ya Gorong'a na vijiji vingine vya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kitu hicho ni mlima, tope na magunia ya mahindi. Kwenye karakana ni breki, maji, sumaku au gogo zito la chuma, na tofauti za vitu hivyo ndizo zilizozaa aina za dainamomita.

Kipimo chenyewe kina mambo mawili. La kwanza ni msokoto, yaani nguvu ambayo shafti ya injini inazungushia, nao hupimwa kwa nyutoni-mita. La pili ni idadi ya mizunguko kwa dakika. Msokoto ukizidishwa kwa mizunguko, na jibu likagawanywa kwa 9,549, hupatikana kilowati. Mfano ulio karibu ni injini ya Toyota 1HZ, ile dizeli ya silinda sita isiyo na tabochaja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ambayo kwa miaka mingi imebeba watalii wa Serengeti ndani ya Land Cruiser. Namba zake za kiwandani ni nyutoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200, na kilowati 96 kwenye mizunguko 3,800. Hesabu ikipigwa, kwenye mizunguko 2,200 injini hiyo inatoa kilowati 66 hivi. Ikifika 3,800 nguvu imepanda hadi 96, ilhali msokoto umeshuka hadi nyutoni-mita 241. Namba moja peke yake, basi, haielezi injini. Kinachotakiwa ni mchoro mzima, kuanzia mizunguko ya chini hadi ya juu, na si kila dainamomita inaweza kuuchora wote kwa uaminifu.

Kuna pia suala la farasi, ambao mafundi na wauza magari hawaachi kuwataja. James Watt, mwishoni mwa karne ya 18, alikadiria kwamba farasi mmoja anainua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika, sawa na wati 746. Wajerumani na Wajapani wakatumia farasi wao: kilo 75 zikiinuliwa mita moja kila sekunde, yaani wati 735.5. Kilowati 96 za ile 1HZ ni farasi 129 kwa hesabu ya Watt na karibu 131 kwa hesabu ya pili, na hakuna aliyegusa hata boliti. Mabishano mengi ya kijiweni kuhusu gari lipi lina nguvu zaidi yangekwisha hapo.

Dainamomita kongwe iliyo rahisi kueleweka ni breki ya Prony. Mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony aliibuni mwaka 1821: vipande vya mbao hubana gurudumu la injini, na mkono mrefu wenye uzito mwishoni huzuia mbao hizo zisizunguke pamoja nalo. Ndugu yake ni breki ya kamba, ambayo inawezekana hata kwenye mashine ya kusaga kijijini. Iwe ni injini ya dizeli ya silinda moja, yenye puli ambayo toka katikati hadi ukingoni ina sentimita 15. Kamba inazungushwa kwenye puli. Ncha moja inaning'inizwa uzito wa kilo 28, ncha nyingine inafungwa kwenye mizani ya kuning'iniza, kama ile ya mnunuzi wa kahawa. Injini ikizunguka mara 2,200 kwa dakika huku mizani ikisoma kilo 4, tofauti ni kilo 24, sawa na nyutoni 235. Zikizidishwa kwa mita 0.15, msokoto ni nyutoni-mita 35, na nguvu ni kilowati 8, au farasi 11 hivi. Hesabu hiyo ni halali kabisa, na ni ileile inayofanywa ndani ya mitambo ya mamilioni ya fedha.

Ubovu wa breki ya kamba uko kwenye joto. Kilowati zote nane zinaishia kwenye kamba na puli, kama pasi nane za umeme zilizowekwa juu ya chuma kimoja. Puli lazima imwagiwe maji, la sivyo kamba inaungua na kipimo kinayumba kabla fundi hajamaliza kuandika. Tangu enzi za Prony hadi leo, wabunifu wa dainamomita wamekuwa wakihangaika na jambo hilohilo: nguvu ya injini ikishazuiwa inageuka kitu kingine, mara nyingi joto, na kitu hicho lazima kipelekwe mahali.

William Froude wa Uingereza alikipeleka kwenye maji. Mwaka 1877 alionyesha breki ya maji aliyoiunda kwa ajili ya injini za meli, ambazo zilikuwa zimezishinda breki za msuguano. Ndani ya kasha la chuma mna gurudumu lenye vikombe, na kasha lenyewe lina vikombe vinavyolielekea. Injini ikizungusha gurudumu, maji hurushwa kutoka kikombe hadi kikombe, na kasha husukumwa lizunguke pia. Mkono ulioshikizwa kwenye mizani hulizuia, na mizani husoma. Joto linaondoka na maji. Chombo hiki ni kidogo kwa umbo, kina nguvu mno, na hakina sehemu za kusagana. Ndiyo maana injini kubwa, za ukubwa wa zile za malori ya kubebea mawe kwenye machimbo kama ya North Mara, Nyamongo, zikishafanyiwa ovahoo kwa kawaida hupimwa kwa breki ya maji kabla ya kurudishwa kazini.

Breki ya maji ina tabia zake. Uwezo wake wa kuzuia hukua haraka kuliko kasi: mizunguko ikiongezeka mara mbili, uwezo unaongezeka mara nane. Kwa maneno mengine, kwenye mizunguko ya chini hushika kidogo, na injini ya dizeli yenye msokoto mkubwa chini inaweza kuipita bila kupimwa vizuri. Tena inahitaji maji ya kutosha. Injini ya kilowati 500, maji yakiruhusiwa kupata joto la nyuzi 30 zaidi ya yalivyoingia, hutaka karibu lita 240 kila dakika. Karakana isiyo na tangi kubwa na mnara wa kupoozea haiwezi kuimudu, na maji yenye chumvi au mchanga hula vile vikombe.

Aina ya tatu huzuia kwa sumaku. Mwaka 1855 Léon Foucault, Mfaransa, aligundua kuwa sahani ya chuma ikizungushwa kati ya sumaku huzaliwa ndani yake mikondo ya umeme inayopinga mzunguko. Dainamomita za sumaku hutumia hilo: sahani inazungushwa na injini, koili zinapewa umeme, na umeme ukiongezwa kizuizi kinaongezeka papo hapo. Ustadi wake uko kwenye udhibiti. Kompyuta inaweza kuiambia ishike injini kwenye mizunguko 2,200 kamili kwa dakika nzima, fundi akasikiliza nozo, akaangalia moshi, akapima joto la ekzosi, kisha ikahamia 2,400. Kwa kutafuta ugonjwa wa dizeli hakuna aina ya bei ya kati inayoizidi. Zile zinazopozwa kwa upepo hushika joto haraka, kwa hiyo kazi ya muda mrefu huziweka pabaya. Zinazopozwa kwa maji huvumilia.

Ya nne ni mota ya umeme inayogeuka jenereta. Injini inaizungusha, nayo inazalisha umeme unaorudishwa kwenye gridi badala ya kuishia kuwa joto. Sifa yake kuu ni kwamba inaweza pia kuizungusha injini iliyozimwa, na hivyo kupima nguvu inayoliwa na msuguano wa ndani wa pistoni na beringi. Viwanda vya magari na maabara za kupima moshi hutumia hii. Bei yake, pamoja na haja ya umeme imara usiokatika, huiweka mbali na gereji za kawaida. Zipo pia za pampu ya mafuta ya haidroliki, ambazo hazijaenea.

Hadi hapa injini imekuwa mezani, imetolewa kwenye gari, na kipimo kinachukuliwa kwenye shafti yake. Hiyo ndiyo namba ambayo watengenezaji huchapisha. Lakini mwenye gari hawezi kushusha injini kila anapotaka kujua hali yake, kwa hiyo zikaja dainamomita za rola: gari zima linapandishwa, magurudumu yanayovuta yanakaa juu ya magogo ya chuma, linafungwa mikanda, na rola ndizo zinazozuiwa kwa sumaku au maji. Hapa kinachopimwa ni nguvu iliyofika chini baada ya klachi, giaboksi, propela shafti, difu na matairi kuchukua ushuru wao. Upungufu wa asilimia 10 hadi 20 ni wa kawaida, na gari linalovuta kwa magurudumu manne hupoteza zaidi. Mafundi wengi huongeza asilimia 15 kwa makadirio na kuiita namba ya injini. Makadirio hayo ni dhaifu. Tairi lenye upepo mdogo au mkanda uliokazwa kupita kiasi hubadilisha matokeo, na gari lilelile likipimwa asubuhi difu ikiwa baridi na mchana ikiwa moto linaweza kutoa namba mbili. Ziko pia dainamomita zinazofungwa moja kwa moja kwenye habu baada ya kuvua magurudumu. Hizo huondoa matatizo ya tairi, na matokeo yake hurudiwa vizuri zaidi.

Mashine ya rola isichanganywe na ile ya kupimia breki katika vituo vya ukaguzi wa magari, ingawa kwa macho zinafanana. Kwenye kupima breki, mota ya umeme ndiyo inayozungusha rola, na breki za gari ndizo zinazopambana nayo. Mashine hiyo haisemi lolote kuhusu injini.

Aina ya rola iliyoenea sana katika gereji za kuongeza nguvu, hasa za pikipiki na magari ya mashindano, haina breki kabisa. Ina gogo zito tu, ambalo uzito wake na umbo lake vinajulikana kwa usahihi. Dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho, gogo linaongeza kasi, na kompyuta inakokotoa nguvu kutokana na jinsi kasi inavyopanda. Kizuizi hapa ni inesha, yaani ukaidi wa gogo dhidi ya kubadilishiwa mwendo. Ni rahisi, haina mizani ya kuharibika, na ikipima leo na mwezi ujao inatoa namba zinazolingana. Kwa pikipiki ya petroli ya sentimita za ujazo 150 inatosha kabisa.

Kwa dizeli inayofanya kazi nzito, hata hivyo, haitoshi. Jaribio la inesha huisha kwa sekunde chache. Injini haikai kwenye mizunguko yoyote, inapita tu. Rediata iliyoziba nusu, ambayo ingechemsha maji katika mlima wa dakika kumi, haitaonekana. Tabochaja haipati nafasi ya kujaza hewa vizuri kwenye gia ya chini, na gia ya chini yenyewe hutoa namba ndogo kwa sababu sehemu ya nguvu inaliwa na kuharakisha fulwili na shafti za gari. Hii ndiyo sababu kipimo hufanywa kwenye gia inayokaribia mzunguko mmoja kwa mmoja, ambayo kwa Land Cruiser nyingi za gia tano ni ya nne. Gari moja likipelekwa kwenye mashine ya inesha na kisha kwenye ya sumaku, namba zitatofautiana, na mara nyingi ya sumaku itakuwa ndogo. Hakuna iliyodanganya, kila moja imeuliza swali lake.

Baada ya mashine huja mahali ilipo, na kwa watu wa nyanda za juu za Mara suala hili ni kubwa kuliko aina ya chombo. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Tarime iko juu zaidi. Kwenye mita 1,500 shinikizo la hewa ni kilopaskali 84.5 hivi, wakati pwani ni 101. Uzito wa hewa katika kila lita unabaki asilimia 86 ya ule wa Dar es Salaam wakati joto likiwa la kawaida kwa kila mahali. Injini isiyo na tabochaja inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha kwa kubadilisha plagi. Dizeli ya zamani ambayo pampu yake inaendelea kumwaga mafuta ya kiwango cha pwani huongeza moshi mweusi mlimani badala ya nguvu.

Ili injini zilizopimwa sehemu mbalimbali zilinganishwe, viwango vya kimataifa kama ISO 1585 na SAE J1349 hurudisha matokeo kwenye hali moja: joto la nyuzi 25 na shinikizo la hewa kavu la kilopaskali 99. Kwa injini ya petroli kwenye mita 1,500, siku ya nyuzi 25, namba iliyosomwa huzidishwa kwa 1.23 au 1.24. Ikigeuzwa hesabu hiyo, bodaboda inayouzwa kwa karatasi ya farasi 12 hapo Tarime hubaki na chini ya farasi 10, hata kabla ya nguvu kufika kwenye mnyororo. Kuna jambo ambalo gereji hupenda kulinyamazia: ISO 1585 inakubali marekebisho bila maelezo pale tu kizidisho kinapokuwa kati ya 0.93 na 1.07. Kikizidi hapo, hali halisi ya siku ya kipimo lazima iandikwe kwenye ripoti. Kipimo cha petroli cha mahali palipoinuka kama Tarime, au Nairobi iliyo juu zaidi, kiko nje ya mipaka hiyo karibu kila siku.

Tabochaja huleta ujanja mwingine. Injini yenye tabochaja husukuma hewa yake yenyewe, hivyo hupoteza kidogo tu ikipanda mlima, na viwango vina kanuni tofauti kwa ajili yake. Programu ya dainamomita ikiachwa kwenye kanuni ya injini ya kawaida, gari lenye tabochaja huzawadiwa asilimia 20 ya nguvu isiyokuwepo. Mwenye gari hufurahi, fundi hulipwa, na mlima wa kurudi nyumbani unabaki kama ulivyokuwa.

Matrekta yana dainamomita yao, inayofungwa kwenye shafti ya nyuma inayoendeshea mashine za shamba. Jimbo la Nebraska, Marekani, lilitunga sheria mwaka 1919 ya kulazimisha trekta kupimwa kabla ya kuuzwa, baada ya wakulima kuchoshwa na namba za wauzaji. Hapa Tanzania kazi ya kupima zana za kilimo ni ya CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na ufundi vijijini kilichoko Arusha. Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, ambao plau la ng'ombe bado linalima sehemu kubwa ya mashamba yao, suala la kupima matrekta lilikuwa la mbali. Kadiri matrekta yanavyoongezeka, halitakuwa la mbali tena.

Kwa kuwa gereji nyingi za Tarime na Mugumu hazina dainamomita ya aina yoyote, ipo njia ambayo haihitaji kununua chombo. Gari linapimwa uzito kwenye mzani wa barabarani likiwa na mzigo wake. Kinachaguliwa kipande cha mlima ambacho kimo chake kinajulikana, na linahesabiwa muda wa kukipanda kwa mafuta yote, mwendo ukiwa haubadiliki. Land Cruiser ya kilo 3,000 ikipanda kimo cha mita 100 kwa sekunde 70, imefanya kazi ya kilowati 42 dhidi ya mlima peke yake. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, upinzani wa matairi kwenye changarawe na wa upepo huongeza takriban kilowati 10 nyingine, kwa hiyo magurudumuni zimefika 52. Namba hiyo haina marekebisho ya hewa wala makadirio ya asilimia 15, na imepatikana katika hewa ileile ambayo gari linafanyia kazi.

Njia hii inafaa zaidi kwa kulinganisha: kabla ya kubadilisha nozo na baada yake, kabla ya kusafisha rediata na baada yake. Mlima uwe uleule, mzigo uleule, gia ileile, na saa ya siku isitofautiane sana, kwani hewa ya mchana ni nyepesi kuliko ya alfajiri. Muda uchukuliwe si chini ya mara tatu. Katika kipande cha sekunde 70, tofauti ya sekunde moja au mbili inaweza kuletwa na upepo tu. Ikifika sekunde tano, fundi amefanya kazi, au ameharibu.